Mkono wa Kushoto wa Shemeji

Kwa mwaka mzima mkono wangu ulikuwa kwa shemeji yangu, na ulikuwa wa kushoto.

Nieleze kabla hujanifikiria vibaya. Jumuiya yetu ya Wakongo, sisi tuliotoka Kivu tukapitia kambi za wakimbizi hadi tukafikishwa hapa magharibi mwa Sydney, ina kanuni moja inayopendwa kuliko zote: nyumba moja, mkono mmoja. Jambo likifika kwenye mkutano mkuu, kila nyumba inainua mkono mmoja, na mkono huo ni wa baba mwenye nyumba. Sisi akina mama tunakuwa jikoni. Kati ya jikoni na ukumbi kuna dirisha la kupitishia chakula, kwa hiyo tunasikia kila kitu. Tunasikia, tunaguna, tunakatakata vitunguu.

Mume wangu alipokuwa hai kanuni hiyo haikunisumbua, na hili nalisema wazi. Tukiwa kwenye gari njiani, yeye anaendesha, mimi nimepakata sufuria, alikuwa na kawaida ya kuniuliza, "Leo tunainua au hatuinui?" Nikimwambia tunainua, anainua. Nikimwambia wale wa komite wanatuchezea, anakaa mikono kifuani kama mtu asiyesikia swali. Watu walimsifu kwa misimamo yake. Mimi jikoni nilikuwa nacheka peke yangu.

Kisha moyo wake ukasimama, asubuhi moja ya siku ya kazi, akiwa anafunga kamba za viatu. Nilidhani nimepoteza mume. Baadaye nikagundua nimepoteza na mdomo.

Komite ilikaa ikajiuliza nyumba yangu sasa iinuliwe mkono na nani. Hawakuniuliza mimi. Wakaamua kwamba mdogo wa marehemu, anayekaa Cabramatta na mke wake, atabeba nyumba zote mbili. Mkutano wa kwanza baada ya hapo nilichungulia dirishani nikamwona shemeji yangu ameinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeambiwa na polisi asisogee. Wa kulia ulikuwa wa nyumba yake. Wa kushoto ulikuwa wangu. Mweka hazina alipita akihesabu kwa kidole, akaugusa kwa macho huu na ule, akaendelea mbele. Hakuna aliyecheka ila mimi, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira.

Wa kushoto! Mkono ambao kwetu humpi mtu hata glasi ya maji.

Mwanzoni mambo yenyewe yalikuwa madogo. Shemeji aliniinulia mkono kuhusu kitenge cha sare ya akina mama, akachagua cha njano iliyokolea, rangi ambayo haijawahi kumpendeza mwanamke yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Nilikivaa. Nikapigwa picha nimenuna. Basi nikasema moyoni, ni kitenge tu, acha kipite.

Halafu likaja suala la ukumbi.

Ukumbi tunaoutumia uko Auburn, hatua chache kutoka kituo cha treni. Si wetu. Ni wa chama cha wazee wa Kiswisi, watu waliotoka kwenye bonde moja la milimani huko Uswisi miaka mingi iliyopita, na sasa wamebaki wachache mno hata ukumbi wao unawazidi. Wanatukodisha Jumamosi. Ukutani wametundika picha za milima na kengele kubwa ya ng'ombe, ambayo mwenyekiti wetu aliipenda tangu siku ya kwanza na ndiyo anayoipiga anapotaka watu wanyamaze. Mimi nakaa Rooty Hill. Natoka nyumbani na sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo ya kwetu, nabadilisha treni Parramatta, na abiria wote wa behewa wanajua nimepika nini kabla sijafika Auburn.

Gari niliuza. Kuendesha nilijaribu kujifunza. Mwalimu wangu, kijana mpole sana, siku moja alifungua mlango mwenyewe na kuteremka tukiwa kwenye mzunguko wa barabara, na tangu hapo tuliachana kwa amani.

Sasa akina baba walikuwa wamechoka na Auburn. Jumamosi mitaa inajaa, watu wanakwenda msikitini, wanakwenda kwenye maduka ya nyama na ya peremende za Kituruki, na mtu anaweza kuzunguka na gari lake hadi asahau alikuja kufanya nini. Wakapata ukumbi mwingine, mbali huko, ng'ambo ya barabara kuu, mpya, una maegesho kama ya uwanja wa ndege. Treni haifiki. Basi la Jumamosi linapita likijisikia. Mwenyekiti akatangaza kwamba mkutano ujao tutainua mikono: tuhame au tubaki.

Nilisikia hayo kupitia dirisha, kisu mkononi, na kitunguu nikakiacha nusu.

Ngoja niseme kwa nini, maana mtu mwingine atasema ni ukumbi tu. Wiki nzima niko ghalani nikipanga maboksi ya dawa, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele za mashine, na kuna siku natoka kazini sijasema neno zaidi ya habari ya asubuhi. Jumamosi ndiyo siku watu wananiita kwa jina la mtoto wangu, Mama wa fulani. Jumamosi ndiyo siku mtu anaonja chakula changu na kuniambia nimezidisha chumvi. Katika ukumbi ule ndimo walimomlilia mume wangu usiku na mchana, wakalala sakafuni pamoja nami. Mkutano ukihamia mahali pasipofikika kwa treni, nitageuka mtu wa kusubiri gari la mtu. Mtu wa kusubiri gari la mtu, leo anafika, kesho anaambiwa gari limejaa, keshokutwa wanasema, kwani yule mama alikwenda wapi?

Kwa hiyo nikafunga safari kwenda Cabramatta. Binti yangu nilikwenda naye, kwa sababu nilitaka shahidi. Tulipita sokoni kwanza kununua matembele kwa yule mama wa Kivietinamu anayeniongezea fungu bila kuniangalia usoni, kisha tukagonga kwa shemeji.

Shemeji yangu si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyerekebisha bomba langu la jikoni, yeye ndiye aliyeniletea mchele bila kuombwa. Ningekuwa na shemeji jeuri, kazi yangu ingekuwa rahisi.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi nataka tubaki Auburn. Siku ya kuinua, mkono wangu uuinue kwa kubaki."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Mama, mukono ile si yako. Iko mukono ya nyumba."

"Na nyumba ni ya nani?"

"Ni ya marehemu kaka."

"Kaka yako amezikwa, shemeji. Anayepanda treni ni mimi."

"Sasa shida iko wapi? Minakuja kukukamata na gari kila samedi, mimi mwenyewe. Mbele ya mlango yako. Utakaa sawa na malkia."

Nikamtazama mke wake, naye akatazama dari. Maana shemeji yangu huyu alichelewa kwenye harusi yake mwenyewe. Bibi harusi alikaa kanisani hadi maua yakanyauka. Ndiye anayeniahidi kuja kunichukua kila Jumamosi.

Alinisindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, akanipa na mfuko wa maembe. Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nimevimba kama unga uliotiwa hamira. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa lugha ya shuleni, alitoa kifaa kimoja sikioni akaniambia, "Mum, just put your own hand up."

Nikamwambia anyamaze, hajui mambo ya watu wazima. Akarudisha kifaa chake sikioni. Na mimi nikakaa na maneno yake, eti niinue tu mkono wangu mwenyewe, hadi Blacktown.

Kuna mtu mmoja ambaye sijamtaja, na bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Ni bibi wa ufunguo. Ufunguo wa ukumbi uko kwake, ndiye anayetufungulia na ndiye anayekuja jioni kufunga. Ni Mswisi, umri wake umepita themanini zamani, anatembea na fimbo ambayo anaitumia zaidi kuonyeshea watu vumbi kuliko kuegemea. Kwa kuwa mimi hufika na treni ya mapema, wa kwanza kabla ya magari yote, yeye na mimi tulikuwa tumezoeana. Ananitengenezea kahawa chungu, mimi namwachia mandazi. Ananiita mpenzi wangu, kama wanavyoitana wazee wa huku.

Jumamosi iliyotangulia mkutano nilifika nimenuna, naye akaniuliza nani amekufa. Sikutaka kusema. Nikageuza mazungumzo, nikaonyesha picha moja ukutani ambayo nilikuwa nimeipita miaka yote bila kuitazama. Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Uwanja wa mji mdogo umejaa wanaume tu, wamebanana, suti nyeusi, na wengi wana panga ndefu kiunoni. Mikono yao iko juu.

"Hii ni vita gani?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akashika meza. "Hii siyo vita. Hii ni serikali. Kwetu mambo yote yaliamuliwa hivi, mara moja kwa mwaka, uwanjani. Upanga ni wa kuonyesha kwamba una haki ya kuinua mkono."

"Na wanawake?"

Akainua fimbo yake, akagusa kioo cha picha juu kabisa, kwenye madirisha ya nyumba zinazouzunguka uwanja. Nikasogea. Ndani ya madirisha kulikuwa na madoa meupe, madogo. Zilikuwa nyuso.

"Huyu ni mimi," akasema. "Huyu ni dada yangu. Tumeshamaliza kupika."

Nilikaa chini. Jamani, mimi shule nilisomeshwa na watawa, na niliambiwa kwamba Ulaya ndiko walikoanzia kuamka watu. Nilidhani wenzetu wale walizaliwa wameshaendelea, kama wanavyozaliwa na nywele zao laini. Kumbe kulikuwa na mahali, katikati kabisa ya Ulaya ile ya saa na chokoleti, ambapo watu walikuwa wameshatembea mwezini na mwanamke alikuwa bado anachungulia dirishani.

"Mama yangu kule Uvira alipiga kura," nikamwambia. "Rais alikuwa peke yake, hapakuwa na wa kumchagua mwingine, na askari amesimama pembeni. Lakini alipiga."

"Basi mama yako alimtangulia dada yangu," akasema. "Nchi ilipowakubalia wanawake, bonde letu lilikataa. Wakaulizwa tena wanaume, wakainua mikono, wakakataa. Wakaulizwa tena, wakakataa. Mwishowe ni mahakama kuu ya nchi iliyowalazimisha. Dada yangu alisimama uwanjani mara ya kwanza akiwa na wajukuu."

Nikamuuliza kama walikuwa wanawachukia.

"Wangetuchukia tungejua la kufanya," akasema. "Baba yangu alikuwa mpole kuliko mkate. Alisema ananiinulia yeye, ili mimi nisipigwe na baridi."

Nilimfikiria shemeji na mfuko wake wa maembe.

Akanieleza mengine. Kwamba aliolewa, wakahamia huku na mumewe, wakapata uraia, na hapa kupiga kura si hiari, usipokwenda unatozwa faini. Wanawake wa Kizungu wa Australia walikuwa wamepiga kura tangu kabla mama yake hajazaliwa, ingawa wenye nchi wenyewe, wenyeji wa asili, walicheleweshwa sana. Kwa hiyo yeye, aliyekuwa doa dirishani, akajikuta analazimishwa kuchagua serikali. Akafurahi. Kisha wanaume wa bonde lile wakajenga ukumbi huu Auburn, wakaunda chama, na kitu cha kwanza walichofanya ni kuinua mikono, wao tu. Wanawake wakawekewa jiko zuri.

"Jiko hili," akasema, "na dirisha hili."

Nilitazama dirisha. Kingo zake za mbao zilikuwa zimelainika kwa viwiko vya wanawake, na sikujua tena vipi ni vya kwetu na vipi ni vya kwao.

Hapo nikamweleza habari yote ya mkono wangu na ya mkutano. "Ninyi mlishindaje?" nikamuuliza.

"Wanaume walikufa," akasema bila huzuni. "Mmoja mmoja. Ikafika siku tukajikuta mkutanoni tuko wenyewe. Tulishinda kwa kubaki hai, mpenzi wangu."

Nilikwenda jikoni nikaanza kukanda mandazi, na nilikanda kwa nguvu ambayo unga wenyewe haukuwa na kosa la kuistahili. Maana mimi pia ni raia. Siku ya uchaguzi nimesimama kwenye mstari uwanja wa shule ya jirani pale Rooty Hill, nina mkate wangu wenye soseji mkononi kama kila mtu, na nikapewa karatasi ndefu kuliko mkono wangu nichague watu wa kuiendesha nchi hii. Serikali ya Australia inanitoza faini nisipopiga kura. Komite yetu inanizuia nikitaka kupiga. Na mimi ndiye yule yule, kwa kitambaa kile kile cha kichwa.

Kusubiri wafe sikuwa na nia hiyo. Wengine ninawapenda, na wengine wana afya nzuri mno.

Siku ya mkutano niliwaambia akina mama jikoni kwamba leo nitaomba mkono wangu. Sikuwaomba kitu. Mmoja, mwenye mume mkali, akasema nitaleta aibu. Mwingine akapendekeza tugome kupika, nikamkatalia, kwa sababu chakula hakijamkosea mtu na watoto walikuwa na njaa. Yule mke wa shemeji aliendelea kumenya ndizi.

Kengele ya ng'ombe ikalia. Mwenyekiti akaeleza uzuri wa ukumbi mpya, maegesho, maegesho, na tena maegesho. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa. Nyumba moja, mukono moja. Benye banataka tuhame, mikono juu."

Mikono ikapanda. Na pale mstari wa pili, shemeji yangu akapandisha yake yote miwili.

Nilitia kichwa dirishani. Mikono yangu ilikuwa imejaa unga hadi viwiko. Nilidhani nitazungumza kwa adabu niliyokuwa nimeipanga, lakini mimi subira sikujaliwa, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ninayomwitia binti yangu akiwa ghorofani.

"Shemeji! Ule wa kushoto ni wangu. Ushushe."

Ukumbi ukanyamaza kuliko kengele ilivyowahi kuunyamazisha. Shemeji akageuka, mikono bado iko juu, macho yamemtoka.

"Mama, tulisha kubaliana..."

"Tulikubaliana wewe na nani? Ushushe mkono wangu, shemeji, nauhitaji."

Nikatoka jikoni. Ule mlango mdogo wa pembeni nimeupita mara nyingi nikiwa na masinia, lakini siku ile sikuwa na sinia, na niliuona mpana. Nikasimama mbele ya watu na aproni yangu.

Mwenyekiti akakohoa. Ni mtu wa haki, na alikuwa na wasiwasi. "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini unajua sheria yetu. Nyumba moja, mukono moja."

"Naijua, Prezida. Siivunji. Nyumba yangu ina mkono. Huu hapa." Nikauinua wa kulia, mweupe kwa unga. "Ninyi ndio mlioipa nyumba yangu mkono wa mtu wa nyumba nyingine. Nani amevunja sheria?"

Nikasikia mtu anacheka nyuma, halafu wa pili. Mwenyekiti alikuwa muungwana wa kutosha kutotafuta jibu kwa nguvu. Akamtazama shemeji. Kila mtu akamtazama shemeji.

Akaushusha. Polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo wa mwenyewe asiutupe. Ule wa kulia ukabaki juu peke yake, na nitasema kwa haki, ulionekana vizuri zaidi.

Hapo ningetosheka. Lakini mlango wa dirisha ulikuwa wazi, na yaliyofuata sikuyapanga mimi. Mama mmoja ambaye mume wake alikuwa kazini ghalani Jumamosi ile akatoa mkono dirishani, akasema, "Na nyumba yangu leo haina mtu hapo. Huu ndio mkono wake." Mwingine mume wake alikuwepo, lakini alikuwa ametoka zamu ya usiku na amelala kitini, mdomo wazi, tangu kengele ilipolia. Mke wake akaja akasimama nyuma ya kiti chake, akainua mkono juu ya kichwa chake, na bwana akaendelea kukoroma. Watu wakavunjika mbavu. Kisha yule aliyeniambia nitaleta aibu akatoa mkono wake dirishani, na mume wake mkali, aliyeketi mbele kabisa na mkono wake juu, akapiga kelele, "Lakini mimi niko hapa!"

"Nakuona," mke wake akasema. "Na mimi niko hapa."

Sasa nyumba moja ikawa na mikono miwili inayopingana, na mweka hazina akasimama katikati ya ukumbi kidole kikiwa hewani, hajui ahesabu nini. Wakaanza kubishana. Mmoja akataja mila, mwingine akamuuliza mila ipi, ya kambini au ya Bukavu? Mke wa shemeji, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake ukumbini tangu tufahamiane, akasema akiwa ameshika ndizi, "Tuhesabu batu, basi. Mikono iko mingi, batu bako hapa."

Mwenyekiti akapiga kengele hadi mkono ukachoka. Akasema, na nadhani alikuwa anatamani tu kula, "Kila mutu mukono yake. Tuanze upya."

Tukaanza upya. Waliotaka kuhama wakainua, shemeji yangu kati yao kwa mkono wake mmoja, na wanawake kadhaa pia, maana wapo wenye magari, na ni haki yao. Kisha waliotaka kubaki. Nikainua. Dirishani wakainua. Wazee wawili watatu waliochoka na safari ndefu wakainua, hata mume wa yule mama wa kiti aliamshwa akauliza tunapigia nini, akainua. Mweka hazina akahesabu kwa sauti, alipofika mlangoni akasita. Bibi wa ufunguo alikuwa amekuja kufunga ukumbi mapema mno, amesimama hapo na fimbo yake, na mkono wake mmoja uko juu kabisa, umenyooka.

"Ule si mutu yetu," mtu akasema.

"Mimi sishushi mukono ya bibi," mweka hazina akajibu, akauhesabu.

Tulishinda hata bila huo. Tulishinda vizuri. Akina mama walipiga vigelegele hadi kengele ya ng'ombe ikaitikia yenyewe ukutani, na mimi nikalia mbele za watu, nikajifuta na mikono ya unga, nikafanana na mzimu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu mume wangu alipoinama kufunga viatu. Nilitamani awepo aniulize kwenye gari, ili nimwambie tumeinua.

Wakati wa kugawa chakula shemeji alikuja dirishani. Nilimjazia sahani ugali na sombe na ndagala, dagaa wa kwetu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Naona yote imerudi kwako," nikamwambia.

"Ile ya kushoto ilikuwa inanichoka," akasema, bila kuniangalia. Kisha akacheka, na mimi nikamwongezea ndagala. Tangu siku ile ananiuliza ninavyoona kabla ya mkutano, na bado anaegesha gari lake mbali, na bado anachelewa.

Watu walipotawanyika nilibaki kukung'uta unga mezani. Bibi wa ufunguo alinisubiri mlangoni. Nikamtania kwamba kwao anao mkono wake wa chama, kwa nini amekuja kuiba kura za Wakongo?

"Kwenye chama chetu nimeinua mara nyingi," akasema, akitafuta tundu la ufunguo. "Lakini wanaume walikuwa wamekwisha. Leo ndiyo mara ya kwanza nimeinua na wao wakiwepo, na mmoja wao akanihesabu."

Ufunguo ukazunguka. Nikamshika mkono kuteremka ngazi, na unga wangu ukabaki kwenye kiganja chake.